Subaru ya turbo na petroli ya super: kile kibandiko cha Kijapani kinadai nini

Fungua kifuniko cha mafuta cha Forester XT, Impreza WRX au Legacy GT iliyotoka Japani na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam. Upande wa ndani mara nyingi kuna kibandiko kidogo kilichoandikwa 無鉛プレミアム, au neno fupi zaidi, ハイオク. Vyote viwili vinataka petroli isiyo na risasi ya daraja la juu. Ukikuta レギュラー, gari lako liliundiwa petroli ya kawaida na mengi ya hapa chini hayakuhusu.

Wenye magari ya kundi la kwanza huuliza swali lilelile: kwetu pampu nyingi ni super ya kawaida, je, ninaiua injini? Kuna mafundi wanaojibu "weka tu, kompyuta itajirekebisha", na kuna wanaoapa kwamba pistoni zitapasuka kabla mwaka haujaisha. Sikubaliani na upande wowote. Injini ya turbo iliyo nzima, yenye presha ya kiwandani, inaishi na super safi kwa miaka. Injini hiyohiyo ikiwa imeng'olewa thamostati, au inavuta oili kwenye njia ya hewa, au ina programu iliyoandikwa Japani kwa oktani 100, inaweza kuvunja pistoni kwenye mlima mmoja. Tofauti iko kwenye vitu vinavyopimika.

Namba kwanza

Kiwango cha Kijapani cha petroli, JIS K 2202, kina madaraja mawili. La kawaida lazima lifike RON 89 (RON ni kipimo cha oktani), la juu lazima lifike RON 96. Ile ハイオク inayouzwa kwenye pampu za huko kwa kawaida iko karibu na 100, na magari ya kasi ya soko la ndani la Japani yalipangwa kwa kuitegemea hiyo. Super ya Afrika Mashariki iko kati ya 91 hivi na 95, kutegemea nchi na aina. Kwa hiyo super yetu inaipita petroli ya kawaida ya Japani, lakini haifiki daraja lao la juu. Mwenye Axio, Fielder, Vitz au Probox tayari anaweka mafuta bora kuliko injini inavyodai, na akilipa zaidi kwa ajili ya oktani hapati kitu. Mwenye Subaru ya STI ana upungufu wa namba tano hadi tisa hivi.

Usichanganye namba hizi na za Marekani. Pampu za Marekani huandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON, na wastani huo huwa chini ya RON kwa namba nne au tano. 91 ya California ni sawa na takriban RON 95 au 96, na 87 yao ni karibu RON 91. Mtu anayesoma mwongozo wa WRX ya Marekani, akaona "91", kisha akajiridhisha kwamba super ya RON 91 inatosha, amejidanganya kwa namba nne nzima.

Kibandiko nacho hakina uzito uleule kwa kila gari. Golf GTI na Golf nyingine za TSI zilizouzwa Japani zina amri ya ハイオク, lakini injini zenyewe zilibuniwa Ulaya kwa RON 95. Petroli ya kawaida ya Japani haifiki hapo, kwa hiyo waliwekewa ile ya juu. Golf hiyo ukiipa RON 95 ya kweli umeipa kile ilichozaliwa nacho. Subaru ya STI ni habari nyingine, kwa sababu iliandikiwa Japani, kwa mafuta ya Japani.

Mfano mzuri zaidi ni Mark X, gari linalojulikana na kila mtu barabarani kwetu. Kizazi cha kwanza, GRX120, chenye injini ya 4GR-FSE ya lita 2.5, kilitaka petroli ya juu na kilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 215 kwa kipimo cha Kijapani. Kizazi cha pili, GRX130, kilibaki na 4GR-FSE, lakini Toyota ikaipanga kwa petroli ya kawaida na nguvu zikashuka hadi 203. Hiyo ndiyo bei ya oktani kwa injini isiyo na turbo ikipangwa kiwandani kwa utulivu: farasi 12. Kwa hiyo mwenye GRX120 asikose usingizi kwa ajili ya super. Mwenye turbo ndiye mwenye hesabu ngumu.

Kinachotokea ndani ya silinda

Oktani haipimi nguvu ya mafuta. Inapima uwezo wa mafuta kuvumilia kubanwa na kupashwa joto bila kujiwasha yenyewe. Cheche huruka kabla pistoni haijafika juu kabisa, moto ukaanza kuenea kutoka kwenye plagi kuelekea kuta za silinda. Mchanganyiko wa pembeni, ambao moto haujaufikia, unazidi kubanwa na kupata joto. Mafuta yenye oktani ya kutosha husubiri moto uwafikie. Yasiyotosha hulipuka yenyewe kwa pamoja, na wimbi la presha linaanza kugonga kuta huku na huku. Hiyo ndiyo noki ya mwako. Isichanganywe na mgongano wa beringi za konrodi, ambao husikika hata gari likiwa limesimama bila mzigo. Noki ya mwako huja ukikanyaga, na sauti yake ni ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati. Kwenye turbo yenye ekzosi kubwa huenda usiisikie kabisa.

Kwenye EJ20, injini ya turbo ya Subaru yenye silinda za kipenyo cha milimita 92, wimbi hilo hutetemeka kwa takriban kilohezi 6. Madhara yake hayatokani na kelele. Linafagia tabaka jembamba la gesi lililotulia juu ya alumini, ambalo kwa kawaida huizuia pistoni isipokee joto lote la mwako. Tabaka likiondoka, joto linaingia kwenye chuma moja kwa moja, sehemu za pistoni na plagi zinakuwa moto zaidi, na noki inayofuata inakuwa rahisi zaidi. Pistoni za kumiminwa za ndugu zake, EJ255 na EJ257, zinajulikana kwa kuvunjika kwenye ule ukingo mwembamba ulio kati ya mfereji wa ringi ya kwanza na wa ringi ya pili. Ukingo ukishameguka, kompresheni inavuja kwenda chini, oili inapanda, na moshi wa buluu unaanza.

Kama unashuku hilo, pima kompresheni injini ikiwa na joto la kazi, betri ikiwa imejaa, plagi zote nne zikiwa nje, fyuzi ya pampu ya mafuta ikiwa imetolewa, na kanyagio likiwa limebanwa hadi chini. Jambo moja husahaulika sana Nairobi, Nakuru au Mbeya: namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Nairobi, geji itasoma pungufu kwa karibu asilimia 18 hata injini ikiwa mpya. Fundi akilinganisha na kitabu moja kwa moja atakuuzia ovahoo usiyoihitaji. Linganisha silinda na silinda. Tatu zikisoma karibu sawa na moja ikawa chini sana, hapo ndipo penye tatizo, na kipimo cha kuvujisha hewa ya kompresa kitakuambia kama inatokea kwenye ringi au kwenye valvu.

Kompyuta hujirekebisha, lakini kwa gharama

Ile kauli ya "kompyuta itajirekebisha" ina nusu ya ukweli. Sensa ya noki iliyofungwa kwenye bloku inasikia mtetemo, kompyuta inachelewesha cheche. Kwa Subaru kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni ya papo hapo: noki ikisikika, taimingi inarudishwa nyuma mara moja, mara nyingi digrii 1.4, kisha inaongezwa taratibu. Ya pili ni kumbukumbu: kompyuta inaandika kwamba kwa mizunguko fulani na mzigo fulani, taimingi ipunguzwe kila mara. Ya tatu ni kizidishi cha jumla, ambacho watu wa Subaru hukiita IAM, au DAM kwenye injini mpya zaidi za FA20. Kikiwa 1 (au 16 kwenye kompyuta za zamani) kompyuta inayaamini mafuta kabisa. Kikishuka, taimingi ya ziada inapunguzwa kwenye ramani nzima, na kikishuka zaidi hata presha ya turbo inakatwa.

Angalia mpangilio huo: noki inatangulia, ulinzi unafuata. Kila somo ambalo kompyuta inajifunza limelipiwa na pistoni. Tena cheche iliyochelewa haiji bure. Mwako unaisha ukiwa umechelewa, joto linatoka na ekzosi badala ya kusukuma pistoni, kwa hiyo turbo na katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) vinapata moto zaidi, gari linapoteza msukumo, nawe unakanyaga zaidi kufidia. Ule unafuu wa bei ya pampu unaishia hapo kwa gari la turbo linaloendeshwa kwa nguvu.

Kuna kosa moja hapa linalonikera kila ninapolisikia likishauriwa: kuchomoa betri ili kompyuta isahau, gari lipate nguvu tena. Litapata, kwa sababu umefuta kumbukumbu yote iliyokuwa inazilinda pistoni zako. Kompyuta itaanza upya kujifunza kwa kunoki. Betri ikichomolewa kwa sababu ya haki, endesha taratibu kwa tangi zima la kwanza, panda mzigo kidogo kidogo, ujaribu gia na mizunguko tofauti kabla hujakanyaga hadi mwisho.

Sensa yenyewe ni ya kuangaliwa. Kwenye EJ hupasuka ganda kwa umri, taa ya injini ikawaka na msimbo P0325 au P0327. Ukibadilisha, safisha bloku pale inapokaa hadi chuma kionekane, usiweke washa wala silikoni, na ukaze kwa takriban Nm 24. Ikikazwa kupita kiasi inasikia noki isiyokuwapo. Ikilegea haisikii iliyopo. Sensa za bei ya chini kabisa zinazouzwa bila jina nisingeziweka kwenye turbo, kwa sababu hicho ndicho kifaa pekee kinachosimama kati ya mafuta dhaifu na pistoni.

Nairobi inasamehe, pwani haisamehi

Hewa ya Nairobi ina presha ya takriban kilopaskali 83, ya Mombasa 101. Injini isiyo na turbo huko juu inavuta hewa chache, inabana kidogo, inahitaji oktani ndogo. Si nadharia tupu: Afrika Kusini huuza petroli ya 93 kwenye nyanda za juu za Johannesburg na 95 pwani, na Denver, Marekani, pampu ya chini kabisa huandikwa 85 wakati sehemu nyingi za nchi hiyo zinaanzia 87.

Turbo inapunguza faida hiyo. Kompyuta inaendelea kudai presha, turbo inazunguka kwa kasi zaidi ili kufidia hewa nyepesi, na hewa inayotoka kwenye turbo inayohangaika ni ya moto zaidi. Hata hivyo, gari lililokaa Nairobi miezi mingi bila shida likishushwa Mombasa linakutana na hewa nzito, joto la nyuzi 32, na kumbukumbu ya kompyuta iliyojifunza mazingira mengine. Unyevu wa pwani unasaidia kidogo kupoza mwako, lakini haufuti tofauti hiyo. Siku ya kwanza ya pwani, endesha kwa adabu. Mwenye gari Dar es Salaam yuko katika hali hiyo mwaka mzima, na ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa Nairobi kuhusu presha ya turbo haumfai.

Hali mbaya kuliko zote ni mlima wa joto. Fikiria Kitonga, ukitoka bonde la Ruaha kupanda kuelekea Iringa: uko nyuma ya lori, kilomita 20 kwa saa, intakula ya Subaru (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) imekaa juu ya injini chini ya bonneti na haipati upepo, chuma chote kimelowa joto. Nafasi inapatikana, unakanyaga hadi chini ukiwa kwenye gia ya tatu na mizunguko 2,000. Hapo ndipo noki inapozaliwa: hewa ya moto, mizunguko midogo, presha kubwa. Shusha gia hadi ya pili kwanza, anza kwa kanyagio la nusu ili intakula ipate upepo, kisha ongeza. Mizunguko mingi kwa mzigo wa wastani ni salama zaidi kuliko gia kubwa iliyokabwa.

Plagi na data

Kabla ya kubishana kuhusu mafuta, toa plagi. Kwenye EJ si kazi ya dakika tano, kwa sababu injini imelala na plagi zinatazama kuta za bodi. Utatoa boksi la hewa upande mmoja, betri na tangi la maji ya kioo upande mwingine. Ifanye injini ikiwa baridi. Tazama kauri nyeupe ya kila plagi kwa lenzi inayokuza mara kumi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Vidoa vyeusi kama pilipili vimenyunyizwa kwenye kauri ni dalili ya noki. Vitone vidogo vinavyong'aa ni alumini, na alumini hiyo imetoka kwenye pistoni. Ukiviona, acha kuliendesha gari kwa nguvu siku hiyohiyo. Kauri iliyopasuka nayo inasema hivyohivyo. Vumbi la rangi ya kutu kwenye kauri huletwa na viongeza oktani vyenye manganizi au chuma, na likizidi linapitisha umeme, plagi ikaanza kukosa.

Wakati plagi ziko nje, hakikisha ni za kipimo sahihi cha joto. Kwa NGK, 7 ni baridi kuliko 6. Kwa Denso, 22 ni sawa na 7 na 20 ni sawa na 6. Gari la kiwandani linabaki na kipimo cha kitabu. Gari linaloendeshwa kwa nguvu pwani linafaidika na hatua moja ya ubaridi. Nyingine zaidi ya hiyo itajaza masizi kwenye foleni.

Kisha data. Kifaa cha bei rahisi cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, na programu ya kawaida ya simu kitaonyesha taimingi na joto la hewa, lakini hakitaonyesha IAM. Kwa Subaru tumia RomRaider, ambayo ni ya bure, na kebo ya Tactrix OpenPort 2.0, au programu ya simu inayoongea lugha ya Subaru yenyewe. Rekodi mizunguko, mzigo, taimingi, marekebisho ya noki ya papo hapo, ya kumbukumbu, IAM, presha ya turbo na joto la hewa. Injini ikiwa na joto, mahali palipo salama na wazi, weka gia ya tatu, kanyaga hadi mwisho kuanzia 2,500 hadi karibu na mstari mwekundu, mara moja. Kizidishi kikibaki juu kabisa na marekebisho yakawa sifuri au digrii 1.4 hapa na pale, mafuta yako yanakutosha, funga mjadala. Ukiona digrii 3 au 4 zikikatwa kwenye eneo lilelile kila mara, au kizidishi kikishuka, mafuta hayatoshi kwa mpangilio ulionao, au kuna kitu kibovu.

Kwa Golf, VCDS, programu ya uchunguzi ya magari ya Volkswagen, inakuonyesha taimingi iliyokatwa kwa kila silinda peke yake, na hilo ni msaada mkubwa. Silinda zote nne zikikatwa kwa kiasi kinachokaribiana, laumu mafuta au joto. Moja tu ikikatwa, laumu plagi, koili, au injekta ya silinda hiyo.

Vitu vinavyoiba oktani kimyakimya

Oili. Mvuke wa oili ukiingia kwenye hewa unayovuta unashusha oktani ya mchanganyiko mzima. Vua bomba la kuingia intakula, pitisha kidole ndani. Utando mwembamba ni kawaida. Oili inayotiririka maana yake valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa) imechoka, sili za turbo zimeisha, au ringi zinapitisha. Valvu ya PCV ni ya bei ndogo, ianze hiyo. Mtu anayelipia mafuta ya daraja la juu huku injini inakunywa oili anajisumbua.

Thamostati. Sijui ni injini ngapi zimepotea kwa ile desturi ya "toa thamostati, huku kwetu ni joto". Bila thamostati maji yanapita mbio bila mpangilio, kompyuta inadhani injini bado ni baridi na inamwaga mafuta ya ziada, ambayo huosha oili kwenye kuta za silinda. Kwa EJ weka ya asili, inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80, na kama joto bado linapanda, tafuta radieta iliyoziba au feni iliyokufa.

Sensa ya hewa chafu au bomba la hewa lililopasuka baada ya sensa huharibu hesabu ya mafuta. Pampu na filta ya mafuta iliyochoka hufanya mchanganyiko kuwa mwembamba pale tu unapohitaji kuwa mzito. Kwenye mzigo kamili turbo ya namna hii inataka hewa kwa mafuta kati ya 11 na 11.5 kwa moja. Ikisoma 12.5, usiulize oktani.

Halafu mafuta ya taa. Oktani yake ni ndogo mno, chini ya 30. Kwa hesabu rahisi, asilimia kumi ya mafuta ya taa kwenye petroli ya 93 inaishusha hadi karibu 86, chini hata ya petroli ya kawaida ya Japani. Hakuna rimapu (kuandikwa upya kwa ramani ya kompyuta) ya busara inayokulinda na hilo. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya uchakachuaji, na Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Vimesaidia, lakini mwenye turbo achague kituo kimoja au viwili vyenye mauzo makubwa na asitangulize senti. Mafuta yaliyochanganywa huacha harufu ya taa na ukidondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, hubaki doa la mafuta baada ya petroli kukauka.

Kuhusu petroli zenye majina ya kibiashara: uliza namba ya RON, usinunue jina. Baadhi huongeza viosha injekta tu na oktani hubaki ileile. Viosha hivyo vina faida yake, ila si faida unayoitafuta hapa.

Chupa, avgas na thinner

Kiongeza oktani cha chupa kinachoahidi "pointi 7" mara nyingi kinamaanisha 0.7, kwa sababu pointi moja kwa lugha yao ni sehemu ya kumi ya namba. Petroli ya 93 inakuwa 93.7. Soma sehemu ya nyuma ya chupa.

Avgas 100LL ya ndege ndogo ina oktani ya kutosha, lakini ina risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Itaua sensa ya oksijeni na katalisti, na risasi hiyo utaipumua wewe na wanao. Nchi za kusini mwa Sahara ziliondoa petroli ya risasi kufikia 2006 kwa sababu nzito, usiirudishe kwa mlango wa nyuma.

Toluini safi ina RON ya takriban 120 na kweli hupandisha: lita 6 ndani ya lita 54 za petroli ya 93 hukupa karibu 95.7. Tatizo ni kwamba kile kinachouzwa dukani kama thinner ya rangi si toluini safi. Kina asetoni, methanoli na vingine vinavyokula mipira ya mfumo wa mafuta. Acha. Kuchanganya pampu mbili ni salama na hesabu yake ni nyepesi: nusu tangi ya 91 na nusu ya 95 ni karibu 93.

Gari lililokwisha kuchezewa

Hapa ndipo sina huruma. Gari likifika na kompyuta ya kubadilisha, geji ya presha ya turbo, ekzosi ya inchi tatu na intakula ya mbele, chukulia kwamba liliandikiwa oktani 100 na mtu asiyejua kwamba lingefika kwetu. Baadhi ya kompyuta hizo hazicheleweshi cheche noki ikitokea, au zimezimwa uwezo huo. Kabla ya kukanyaga hadi mwisho hata mara moja, lipeleke kwa mtu mwenye kipimo cha hewa na mafuta na vifaa vya kusikiliza noki, aandike upya ramani kwa super unayojaza wewe, mji unaoishi wewe. Kwa kawaida kazi hiyo hupunguza digrii 2 hadi 4 za taimingi kwenye eneo la presha kubwa na kuishusha presha ya turbo, kwa mfano kutoka bar 1.3 hadi 1. Utapoteza nguvu za farasi kadhaa na kubaki na injini. Omba nakala ya faili uliyoandikiwa na rekodi ya data ya mwisho, uone mwenyewe safu ya noki ikiwa sifuri.

Wenye FA20 ya sindano ya moja kwa moja, kama Forester XT ya SJG au WRX S4, pamoja na Golf za EA888, wana adui wa ziada: mwako wa mapema kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,500 chini ya mzigo mzito. Huu hauanzishwi na oktani pekee, mara nyingi huanzishwa na matone ya oili na mafuta kwenye kuta za silinda, na kuchelewesha cheche hakuuzuii kwa sababu moto umeanza kabla ya cheche. Oili ndiyo dawa: tafuta iliyoandikwa API SP, au angalau SN Plus, uibadilishe kila kilomita 5,000, na usiikabe injini kwenye gia ya juu ukipanda mlima.

Na ukigundua tayari umejaza mafuta mabaya, usizime gari kwa hofu wala usikimbie nyumbani. Kaa chini ya nusu ya kanyagio, tumia gia ndogo kuliko kawaida, zima kiyoyozi kwenye milima, usivute trela. Tangi likifika nusu, jaza kutoka kituo unachokiamini kwa petroli yenye namba kubwa zaidi unayoipata, na urudie tena likifika nusu. Harufu ya taa ikiwa kali, usipunguze makali kwa kuongeza, toa yote: chomoa bomba la mafuta baada ya filta, elekeza kwenye jerikeni nje ya gereji mbali na moto, iwashe pampu kwa relei yake, kisha badilisha filta kabla hujajaza upya.